Masikio Yanayovuma: Mazungumzo na Mama Siku ya Kliniki

Kabla hatujaanza kupima kilo za watoto, tukae pamoja kidogo. Mwenye kunyonyesha anyonyeshe. Mwenye mtoto anayelia asione haya, sisi wote ni wazazi. Leo tutazungumza juu ya sikio.

Nianze na ulizo moja. Ni nani kati yenu amekwisha kusikia mlio ndani ya sikio wakati hakuna kitu kinacholia nje? Wengine wanasema: "Masikio yangu inalia nziii, nziii, sawa mbu." Wengine wanasema: "Niko nasikia sawa mvua mu kichwa." Wengine wanasikia filimbi, au maji yanayochemka, au ngoma inayopiga tu, tu, tu. Naona mikono mingi. Si ajabu. Wachunguzi waliohesabu habari za nchi nyingi walisema mwaka 2022 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 7 amepata jambo hili.

Sasa, watu wanasema mambo mengi juu ya mlio huu. Wengine wanasema, "Mtu anakusema vibaya huko." Wengine wanasema ni pepo, au jirani amekuloga. Mama anatafuta wa kumlaumu, anagombana na wifi yake, na pesa za chakula zinakwisha kwa mtu wa dawa za kienyeji. Na sikio linaendelea kuvuma. Bamama, mlio huu si laana. Mlio huu ni sawa na kengele. Kengele ya kanisa ikilia, hatuendi kuivunja, tunauliza: inatuita kwa jambo gani? Sikio likilia, tuulize vilevile.

SIKIO LINAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Sikio unaloliona nje, lile unalolitia hereni, ni mlango tu. Ndani kuna njia nyembamba, na mwisho wa njia kuna ngozi nyembamba sana iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Sauti ikifika, ngozi ile inatetemeka. Nyuma yake kuna mifupa midogo 3, ni midogo kuliko mifupa yote ya mwili. Inapokea mtetemo na kuupeleka ndani zaidi, mahali penye umbo la konokono. Konokono huyo amejaa maji, na ndani ya maji kuna chembe zenye vinywele vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Chembe hizo ni kama 15,000 tu katika kila sikio. Vinywele vinainama na kuinuka sawa na majani katika upepo, na hivyo vinapeleka habari kwenye ubongo. Ndipo unajua: huyu ni mtoto wangu analia, ile ni mvua inakuja.

Sikilizeni neno hili vizuri, kwa sababu ndilo neno kubwa la leo. Majani yakikanyagwa na mbuzi, kesho yanainuka tena. Lakini sisi wa Goma tunajua lava. Mwaka 2002, mwezi wa kwanza, Nyiragongo ilipotoa lava ikapita katikati ya mji, majani yaliyofunikwa hayakuinuka. Vinywele vya sikio ni vivyo hivyo. Kelele ya muda mfupi inavilaza, kiisha vinapumzika na kuinuka. Lakini kelele kubwa sana, au ugonjwa, au dawa kali inaweza kuziua chembe zenyewe. Na chembe iliyokufa haioti tena. Jino la mtoto likitoka, lingine linakuja; chembe ya sikio haina ya pili. Hakuna munganga wa Goma, wala wa Kinshasa, wala wa Ulaya anayeweza kuirudisha.

Na kwa nini sikio livume? Mmeona radio ambayo haishiki posti vizuri: haikai kimya, inafanya shhhh. Ubongo ni hivyo pia. Unapokosa habari kutoka katika sikio, unajitengenezea sauti yake wenyewe. Ndiyo maana mara nyingi mlio unakuja pamoja na kupungukiwa na usikivu, hata kama mtu mwenyewe hajatambua bado.

SABABU YA KWANZA: VITU TUNAVYOTIA NDANI YA SIKIO

Sikio lina nta yake. Nta si uchafu. Mungu ameiweka pale ili ikamate vumbi na wadudu, na sisi watu wa Goma tunajua vumbi! Nta inatoka nje yenyewe, polepole. Lakini mama anachukua kijiti cha kiberiti, au pini ya nywele, au unyoya wa kuku, au kile kijiti cha pamba cha dukani. Anafikiri anasafisha. Kumbe anaisukuma nta ndani mpaka inakuwa kizibo. Sikio linaziba, linavuma. Na siku moja mtoto anageuza kichwa ghafula, kijiti kinatoboa ile ngozi ya ngoma.

Basi, safisha sikio la nje kwa kitambaa chenye maji, mahali kidole chako kinapofika bila kusukuma. Hapo inatosha. Mtoto akijitia haragi au punje ya mahindi, usijaribu kuitoa kwa pini, wala usimwage maji, kwani haragi likinywa maji linavimba. Mlete kituo cha afya.

SABABU YA PILI: SIKIO LINALOTOA USAHA

Ugonjwa huu tunauona sana kwa watoto. Mtoto anaanza na mafua. Usiku analia, anavuta sikio lake, ana homa. Kiisha usaha unatoka, maumivu yanapungua, na mama anasema: "Aa, amepona." Hapana, bado hajapona. Usaha ule umetoboa ngozi ya sikio. Ukiachwa miezi na miaka, unakula ile mifupa midogo, na mtoto anakuwa mzito wa kusikia. Mwalimu anasema ni mjinga, baba anasema ni mkaidi, wanampiga. Kumbe mtoto hasikii vizuri, au anasikia mvumo siku zote na hajui kwamba watu wengine hawausikii.

Mtoto mwenye maumivu ya sikio, au usaha ambao haujapita siku 14, aletwe upesi, atapewa dawa ya kumeza kwa siku zilizopangwa. Mtoto ambaye usaha wake umepita siku 14 atapewa dawa ya matone. Na kwa wote wawili, kazi ya mama nyumbani ni kukausha sikio. Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chukua kipande cha nguo ya pamba, safi na kikavu. Kikunje, kisokote mpaka kiwe kama utambi wa taa. Usitumie kijiti.
3. Kitie polepole katika sikio, kikae mpaka kilowe.
4. Kitoe, kitupe, tia kingine kikavu. Endelea mpaka utambi utoke mkavu.
5. Fanya hivyo mara 3 kila siku, mpaka sikio likauke kabisa.

Usitie mafuta, wala maziwa ya mama, wala maji ya majani, wala mkojo. Najua bibi zetu walifanya hivyo kwa upendo. Lakini sikio lenye tundu ni mlango wazi, na kila kitu unachomwaga kinaingia ndani. Na mtoto huyo asiogelee ziwani mpaka apone.

Namna ya kuzuia? Nyonyesha mtoto wako; maziwa yako yanamlinda na magonjwa ya masikio. Kama anakunywa kwa kikombe au chupa, inua kichwa chake, usimpe akiwa amelala chali, maziwa yanaweza kupita njia ya nyuma ya pua na kufika sikioni. Mwondoe mtoto katika moshi wa jiko na wa sigara. Na kamilisha chanjo zote zilizoandikwa katika fishi yake. Chanjo ya surua, anayoipata mara ya kwanza akiwa na miezi 9, inalinda masikio pia, kwa sababu surua inaharibu masikio. Chanjo ya pneumokoki inazuia aina moja ya ugonjwa wa uti wa ubongo, ugonjwa ambao umewaacha watoto wengi viziwi. Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilisema mwaka 2016 kwamba katika watoto 100 waliopungukiwa na usikivu, 60 wamepata shida hiyo kwa sababu zinazoweza kuzuiwa. Sitini, bamama!

SABABU YA TATU: KELELE

Katika mji wetu kuna kelele za kila namna. Mashine ya kusaga unga. Jenereta. Kijana anayegonga chuma. Mama anayeponda mawe ya lava kwa nyundo, mchana kutwa, na mtoto ameketi kando yake. Bafle za baa. Na tuseme kweli mbele ya Mungu: bafle za makanisa yetu pia.

Waganga wana kipimo cha kelele kinachoitwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa utulivu, ni kama 60. Kelele ikifika 85, mtu anaweza kuivumilia masaa 8 kwa siku, si zaidi. Ikifika 100, robo saa tu inatosha kuanza kuharibu. Lakini nani kati yetu ana kipimo hicho? Nitawapa kipimo kingine cha bure. Kama ni lazima upaze sauti ili mtu aliye hatua moja mbele yako akusikie, kelele hiyo ni kubwa mno. Na ukitoka pale masikio yakivuma usiku, ujue vinywele vimelazwa. Usirudi kesho kuvilaza tena.

Mtu mzima anaweza kuondoka. Mtoto aliyefungwa mgongoni hawezi. Hawezi kusema, "Mama, sauti inaniumiza." Wewe unaimba kwa furaha mbele ya bafle, na yeye sikio lake liko palepale. Basi:

– Kaa mbali na bafle. Kila hatua unayorudi nyuma ni dawa. Na mama wa kanisa, mwambieni shemasi kwa heshima apunguze sauti. Mungu anatusikia hata tukiimba polepole.
– Ukienda kusaga, acha debe lako kwenye mstari, ngoja nje na mtoto mpaka zamu yako ifike.
– Mwenye kufanya kazi siku zote kwenye mashine atafute vizibo vya masikio katika farmasi, au vile vifuniko vya masikio vya wafanyakazi. Pamba kavu peke yake inasaidia kidogo sana.
– Vijana wenye kutia visikilizio vya telefone masikioni: sauti isipite nusu, na wasilale navyo.

Tena kuna kelele nyingine, ambayo hatukuichagua. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia ndani ya mji wa Goma, wengi wetu tulilala chini tukifunika watoto kwa miili yetu. Bomu moja au risasi moja iliyolia karibu inaweza kufanya katika sekunde moja kazi ambayo mashine ya kusaga inafanya kwa miaka. Wako waliobaki na mvumo tangu siku zile na hawajamwambia mtu. Wanasema, "Mimi nilibaki na uhai, nitalalamika sababu ya sikio?" Mama, lalamika. Njoo tuangalie. Pengine ngozi ya sikio imepasuka, nayo mara nyingi inajifunga yenyewe ikikaa kavu na safi. Na ikitokea tena mlio wa risasi, ziba masikio kwa vidole, na ya mtoto kwa viganja vyako, ukiwa umelala chini.

SABABU YA NNE: DAWA, NA ZAIDI KININI

Hapa ninaomba hata walio nyuma wanyamaze, kwa sababu jambo hili linaweza kuua mtu.

Kinini inajulikana sana hapa kwetu Kivu. Inatoka katika magome ya mti ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitenga dawa yenyewe kutoka katika magome. Baadaye, wakati wa Wabeleji, mti ule ulipandwa katika milima ya Kivu, na kule Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kinini kwa miaka mingi. Wazee wetu wengi walipona malaria kwa dawa hiyo. Na wote wanajua tabia yake: ukiimeza, masikio yanavuma, sauti za watu zinakwenda mbali, kichwa kinazunguka, pengine unatapika.

Sasa, tuseme kuna mama mmoja anayeuza sambaza sokoni Virunga. Amepata malaria, munganga amempa vidonge vya kinini kwa siku 7. Siku ya pili masikio yanaanza: nziiii. Anaogopa. Anasema, "Ile dawa inaniua masikio." Siku ya tatu homa imeshuka, basi anaacha dawa, vidonge vilivyobaki anaviweka kabatini. Baada ya siku chache malaria inarudi kwa nguvu. Na vile vidonge vya kabatini? Mtoto wake wa miaka miwili akipata homa, atamvunjia nusu kidonge, au kizima, kwa kukadiria tu.

Mmeona makosa yake? Ni mawili, na yote mawili yanaweza kuua.

Kosa la kwanza: ameacha dawa peke yake. Mvumo wa kinini ni jambo linalotokea mara nyingi, hata kipimo kikiwa sawasawa. Kwa kawaida unatoka wenyewe dawa ikiisha. Malaria isiyomalizwa haitoki yenyewe. Ukisikia mvumo, rudi kwa munganga umweleze. Kama usikivu unapungua sana, au macho yanaona giza, rudi siku ileile, usingoje kesho. Yeye ndiye atasema: endelea, au tubadilishe.

Kosa la pili: amempa mtoto dawa bila kupima kilo. Kinini ikizidi inaweza kuharibu masikio kabisa, inaweza kupofusha macho, inaweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana kila mwezi tunampima mtoto kilo. Kilo iliyoandikwa katika fishi yake ndiyo inayotuonyesha kiasi cha dawa. Usinunue kinini barabarani, na usiweke akiba ya vidonge vilivyobaki. Nitasema tena neno moja la siri ya wanawake: wako wanaomeza kinini nyingi ili kutoa mimba. Wengine wamebaki viziwi, wengine wamekufa. Kama uko katika shida ya namna hiyo, njoo tuongee. Hatutakufukuza.

Siku hizi kinini si dawa ya kwanza tena. Mwaka 2010 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwa ndani. Waliopewa sindano ya artesunate walikufa wachache kuliko waliopewa kinini. Tangu hapo sindano hiyo imechukua nafasi ya kinini kwa malaria kali, na kwa malaria ya kawaida kuna vidonge vya mchanganyiko. Hata kwa mama mwenye mimba ya miezi 3 ya kwanza, ambaye zamani alipewa kinini, tangu mwaka 2022 OMS inashauri mchanganyiko wa artemether na lumefantrine. Lakini kinini bado ipo, na pengine utapewa kwa sababu nzuri. Ukipewa, kula chakula, zaidi ukiwa na mimba, kwa maana kinini inashusha sukari ya damu. Na meza mpaka mwisho.

Dawa nyingine zinazogusa sikio ni sindano za jentamisini na streptomisini, dawa ya kukojoza iitwayo furosemide, na aspirini ikiwa nyingi. Usizikatae hospitalini. Jentamisini inaokoa watoto wachanga wenye maambukizo, na mtoto mzima ni bora kuliko kaburi. Lakini usikubali mtu akuchome sindano hizo nyumbani bila kupima kilo na kuhesabu siku. Ukiwa na mimba, mwambie kila munganga kabla hajakupa dawa yoyote, kwani streptomisini inaweza kuharibu masikio ya mtoto aliye tumboni. Na kama masikio yako yalivuma tangu zamani, sema hilo pia.

SABABU YA TANO: DAMU

Mlio ukiwa kama ngoma, tu, tu, tu, shika mkono wako mahali mshipa unapopiga. Kama sikio na mshipa vinakwenda pamoja, unasikia damu yako mwenyewe. Inatokea mtu akiwa na upungufu wa damu, na mama wenye mimba wanapungukiwa na damu sana. Njoo upimwe, meza vidonge vya chuma vyote unavyopewa, kula sombe, maharagi na sambaza, lala chini ya chandarua. Damu ikipanda pia sikio linaweza kuvuma. Mama mwenye mimba ambaye kichwa kinauma sana, macho yanaona nyota, uso na mikono imevimba, asingoje siku ya kliniki. Aje leo, hata usiku.

NJOO UPESI UKIONA ALAMA HIZI

1. Sikio moja limeziba au limeacha kusikia ghafula, kwa siku moja au usiku mmoja. Dawa inasaidia katika siku za kwanza tu.
2. Mlio uko katika sikio moja tu na hautoki, au unapiga pamoja na moyo.
3. Kuna kizunguzungu kikali, au uso umelegea upande mmoja.
4. Usaha, damu, au uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio.
5. Mvumo ulianza baada ya bomu, kipigo kichwani, au dawa.
6. Mtoto mchanga hashtuki kwa kelele. Wa miezi 6 hageuki kwa sauti yako. Wa mwaka mmoja hajaribu kusema neno.

Tena, kama si mlio bali ni sauti za watu wanaosema maneno na kukuamuru mambo, hiyo ni shida ya namna nyingine, nayo ina matibabu. Usiifiche.

KWA MWENYE MVUMO USIOTOKA

Mama yangu, sitakudanganya. Kama vinywele vimekufa, hakuna kidonge kinachoondoa mvumo. Yeyote anayekuuzia chupa na kukuahidi kwamba utapona kabisa anataka pesa yako. Lakini hiyo si kusema hakuna msaada. Ubongo unaweza kuzoea mvumo mpaka usiujali tena, sawa na mwenye kukaa kando ya ziwa asivyosikia mawimbi. Usilale katika kimya kabisa. Acha radio ikiongea kwa sauti ya chini, au tega sikio kwa mvua juu ya mabati. Linda usikivu uliobaki. Pumzika. Ongea na mtu unayemwamini, kwa maana hofu na kukosa usingizi vinaongeza mvumo, na mvumo unaongeza hofu. Waliopoteza watu na nyumba katika vita wanajua maneno haya.

Na wewe jirani yake, usimcheke akijibu jambo ambalo hukuuliza. Simama mbele yake, aone mdomo wako, sema polepole.

MWISHO

Bamama, wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa sikio ni zaidi, kwa sababu ukuta huo hakuna fundi wa kuujenga. Leo ukirudi nyumbani fanya mambo mawili. Toa vidonge vya zamani kabatini, uvilete hapa. Kiisha kaa na watoto wako jioni, katika utulivu, uwaulize mmoja mmoja: "Unasikia kitu ndani ya sikio?" Pengine hakuna mtu amewahi kuwauliza.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Kwa nini chembe za sikio zilizokufa ni sawa na majani yaliyofunikwa na lava?
2. Yule mama wa sokoni Virunga angefanya nini siku ya pili masikio yalipovuma?
3. Mtoto wako anapokaa kanisani, sokoni au kazini, kuna kelele gani karibu naye? Utafanya nini?
4. Onyesha jirani yako namna ya kusokota utambi wa kukausha sikio.

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu. Sasa leteni fishi, tuanze kupima kilo.